Fundi Aliyeuliza Harufu

Ukimpelekea gari ukasema tu, "Fundi, linanuka kuungua," hakuinuka. Aliendelea kufuta spana yake kwa kitambaa, akakutazama kama mwalimu anayengoja mwanafunzi amalize sentensi.

"Kuungua kwa nini?" aliuliza. "Ugali unaungua. Nywele zinaungua. Raba inaungua. Maziwa yakifurika jikoni nayo yanaungua. Wewe umesikia ipi?"

Wengine walikasirika. Walikuwa wameleta gari kwa fundi, hawakuja kufanya mtihani. Walipanda magari yao wakaenda gereji nyingine, na pale mtaa wa Daraja Mbili gereji zilikuwa nyingi. Yeye hakuwaita. Lakini aliyekaa kwenye benchi akafumba macho, akajaribu kukumbuka kweli kweli, huyo alipata fundi wa maisha. Jina lake wachache walilijua, na hao wachache hawakulitumia. Mtaa mzima, ukisema Fundi bila kuongeza neno, ulikuwa unamsema yeye.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimebanwa kati ya ua wa michongoma na meza ya mama mmoja muuza chipsi. Ujirani huo ulikuwa vita ya kila siku. Fundi alipokuwa ameinamia injini, harufu ya viazi ilimchanganya, basi alipiga kelele bila kugeuka: "Mama, shusha karai!" Mama Chipsi alijibu kwamba na yeye yuko kazini, wateja wake wana njaa, na kama pua ya Fundi ni ya kifalme ihamie Njiro kwa wakubwa. Halafu alishusha karai. Wateja wakangoja na sahani zao mikononi, wakimtazama mzee wa watu ananusa chuma kama mtu anayenusa mchele sokoni. Akimaliza alisema, "Pandisha," na mafuta yakaanza tena kuchachatika.

Mimi nilimfikia kwa sababu ya pikapu. Marehemu mume wangu aliniachia mabinti wawili na duka la vitambaa. Nguo za mitumba zilipojaa mjini, hakuna aliyetaka tena kununua kitambaa akakipeleke kwa fundi cherehani, nikafunga duka. Ilikuwa ile miaka ambayo magari yaliyotumika Japani yalianza kumiminika, maandishi ya kwao yakiwa bado milangoni. Nikapata pikapu, nikajifunza kuiendesha kwenye uwanja wa shule, nikawa nachukua ndizi na maparachichi Tengeru kuleta soko la Kilombero. Wanaume wa sokoni walicheka. Dada yangu aliniuliza kama nimerogwa. Mabinti zangu ndio pekee walioona ni jambo la kawaida mama yao kuendesha. Walipofunga shule walikaa nami mbele, Neema dirishani na mdogo wake katikati.

Kisha gari likaanza kunuka. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili akakaza kila bolti aliyoiona, akapaka gundi, akaniambia gari la Japani hunuka hivyo likizoea hewa yetu. Nikamwamini kwa muda, maana nilitaka kumwamini. Siku niliyofika kwa Fundi, mabinti walikuwa nami, na mdogo alikuwa ameziba pua kwa sketi yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Linanuka nini?"

Nilifikiri. "Mafuta ya kukaangia maandazi," nikasema. "Yale yaliyosahaulika jikoni."

Hapo aliinuka. "Ukiwa mwendoni au ukisimama?"

"Nikisimama. Nikifika sokoni nikakanyaga breki, ndipo yanaponijia. Na moshi mwembamba pembeni mwa boneti."

"Wa rangi gani?"

"Kama bluu."

Alimtazama binti yangu mdogo, akaniambia taratibu, bila kunigombeza: "Mama, hayo ni mafuta ya injini. Yanatoroka juu, yanadondokea bomba la moshi, na bomba lina moto. Ubaya wake yanakuzoesha. Baada ya mwezi utaona ndiyo harufu ya gari lako. Siku yakiwaka, hawa watakuwa humo ndani."

Sikumbuki nilijibu nini. Nakumbuka niliwashusha watoto papo hapo, nikawakalisha kwenye benchi la Mama Chipsi, kana kwamba gari lingelipuka likiwa limezimwa.

Aliosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, akaifuta ikakauka. Kisha akatoa kopo la poda ya mtoto, akainyunyiza kuzunguka kava linaloifunika injini juu hadi injini ikawa nyeupe kama imetolewa kwenye unga. "Washa," akasema. Nikawasha nikashuka, injini ikanguruma pale pale, sote tumeinama. Baada ya kitambo, kwenye kona ya nyuma, poda ikaanza kulowa. Mstari mweusi, mwembamba kama uzi, ukateremka polepole kuelekea bomba la moshi. "Huyo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyemwona mwizi akipita.

Yule fundi aliyekaza bolti alikuwa amelipinda kava. Fundi alilifungua, akakwangua gundi yote kwa kijiti cha mwanzi ili asikwaruze chuma, akalilaza juu ya kipande cha bamba bapa na kuligonga kwa nyundo ndogo, kidogo huku, kidogo kule, akiinama kila mara kutazama kama mwanga unapita chini yake. Akaweka gasketi mpya ya kuzuia mafuta yasivuje. Alikaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kila moja robo ya mzunguko, akirudia tena na tena. Alikuwa na mikono minene, yenye makovu, na sikuwahi kuona mikono minene ikigusa kitu kwa upole namna ile. Nadhani hapo ndipo nilipoanza, ingawa wakati ule ningekataa.

Tangu siku hiyo nilikuwa napita kwake hata bila shida. Nilipeleka ndizi, akanipa chai ya tangawizi kwenye kikombe ambacho hakikuwahi kutakata. Alinifundisha harufu moja baada ya nyingine. Inayonuka kama kandambili iliyokaribia jiko ni mkanda unaoteleza. Inayonuka kama sharubati iliyochemka ni maji ya rejeta. Inayonuka kama kitana cha plastiki kilichoshikwa na moto ni waya, na hiyo hungoji kufika nyumbani: unazima, unashuka, unachomoa betri. Nilizirudia njiani kama mtoto anayesoma katekisimu.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alitengeneza magari ya watu maisha yake yote na hakuwahi kumiliki gari. Alitembea kwa miguu kila alikokwenda, mwendo mrefu wa watu wa mlimani. Alikuwa na sauti ya besi iliyotikisa viti vya kanisa lake la Kilutheri, lakini gerejini ukimkuta anaimba ujue amekosa la kufanya. Alizilaani spea za bandia zilizojaa madukani tangu biashara ifunguliwe. "Zamani tulitembea Dar mpaka Nairobi kutafuta gasketi moja," alisema. "Sasa ziko kila kona, na sijui hata moja iliyo gasketi." Ukimuuliza kama basi anataka ile zamani irudi, alishtuka. Zamani aliwahi kukata gasketi kwenye boksi la viatu, alisema, na hataki kukata tena.

Na aliogopa kuendeshwa. Siku moja nilimchukua twende Tengeru akaone lori lililokwama. Alishika kishikio cha mlango njia nzima, mguu wake wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Nikamcheka. Tulipofika na kuzima, hakushuka mara moja. Akaniambia kwamba aliwahi kuendesha lori la magogo, akiyashusha kutoka misitu ya Olmotonyi. Siku moja kwenye mteremko alisikia harufu ya breki zinaungua. Aliisikia tangu juu kabisa. Akajisemea, tuko karibu, tutafika. Utingo wake, rafiki yake, alikuwa amekaa juu ya magogo.

"Mimi niligonga ukingo nikatoka na mkono uliovunjika," akasema.

Nilingoja aseme ya rafiki yake. Alifungua mlango akaenda kutazama lori la watu.

Baada ya siku hiyo niliielewa ile habari ya kwaya, ambayo mtaa uliisimulia kama kichekesho. Kwaya yao ilikuwa inakwenda Moshi, kwenye harusi ya msichana wa kwaya hiyo hiyo, na Fundi ndiye aliyemsimamia kipaimara. Basi dogo limekodiwa, watu wamevaa majoho, wamekaa, dereva amewasha. Fundi akapanda, akanusa, akashuka. Akafungua boneti, akachomoa nyaya za betri, akazitia ndani ya koti lake la kanisani. "Hatuendi," akasema. Dereva alimfokea. Mwenyekiti wa kwaya alimsihi. Fundi aliinama chini ya basi na suti yake, akatafuta, hakuona kitu, na bado alikataa kutoa nyaya. Harusi ilifungwa bila kwaya. Kesho yake dereva akagundua chanzo: mfuko wa plastiki uliorushwa na upepo ukayeyukia kwenye bomba la moshi. Mfuko tu.

Watu walimnunia. Bibi harusi hakumwamkia hadi alipopata mtoto wa kwanza.

"Ulikosea," nilimwambia, maana nilishakuwa na ruhusa ya kumwambia mambo.

"Nilikosea sana. Nimewaomba radhi mbele ya kanisa." Alipuliza chai yake. "Nimewaambia pia kwamba siku nyingine nitakosea hivyo hivyo."

Sasa niseme la shikamoo. Alinizidi umri, si kwa mbali sana, lakini ya kutosha. Tangu siku ya kwanza nilimwamkia kama inavyopasa, naye aliitikia. Asubuhi moja nikafika, yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo, Fundi."

Nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Mama Neema," ikasema miguu, "acha kuniamkia."

"Nikusalimie vipi basi?"

"Sema habari za kazi, kama watu wengine."

Mama Chipsi, aliyekuwa anamenya viazi, aliangua kicheko hadi kisu kikamponyoka. "Eti kama watu wengine!" akasema. "Loo, Fundi! Mjini hapa watoto wote wanakuamkia, unataka huyu tu akuache?" Miguu haikusogea. Mimi nilipanda gari nikaenda sokoni, na ndizi zile sijui niliziuzaje.

Jumapili moja baada ya ibada alikuja kwangu Kijenge kwa miguu, amevaa lile lile koti la kanisani. Mabinti walimletea soda, wakajibanza nyuma ya pazia. Alizungumzia pampu ya maji ya pikapu kwa muda mrefu. Alisema bado nzima ila isikilizwe. Kisha akaweka chupa chini.

"Mama Neema, mimi nimekaa mgane miaka mingi, nimezoea. Lakini siku usipopita gerejini sizoei."

Nilikubali. Sikujizungusha. Mimi ni Mkatoliki wa Kibosho, yeye Mlutheri wa Kimeru, na nilimuuliza tutafanyaje na makanisa. Akafikiri kwa uzito kabisa, akasema asubuhi tutakwenda kwangu na mchana kwake, na Mungu atajua jinsi ya kutupokea mara mbili. Nyuma ya pazia wakacheka. Tulipatana kwamba mvua za masika zikiisha, barabara zikikauka, atakwenda na wazee wake kumwona kaka yangu.

Mvua zile zile zilimchukua ndugu yake. Marehemu alikuwa na shamba la kahawa na migomba mlimani, juu ya Tengeru, na watoto wanaofuatana kama ngazi, mkewe alishatangulia. Fundi alikwenda kuzika, akakaa huko. Nilimpelekea mchele na sukari matangani, nikamkuta amekaa sakafuni, mtoto amelala kila upande. Alinishukuru kama alivyowashukuru wageni wengine.

Aliporudi mjini alikuja kufunga kibanda. Nilimkuta anapanga spana kwenye gunia.

"Narudi juu," akasema. "Hawana mtu."

"Najua."

"Wewe umelea wako peke yako, ndiyo kwanza unapumua. Siwezi kukupandisha mlimani ukaanze upya na wa ndugu yangu."

Nilikuwa na maneno mengi. Yote yalinijia pamoja. Nikasema, "Sawa, Fundi." Yeye akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akalitwika begani. Mama Chipsi alishusha karai bila kuambiwa, akasimama anatutazama.

Kibanda kilichukuliwa na mshona viatu, halafu kikabomolewa, pakajengwa duka la vocha na simu. Niliendelea na ndizi. Barabara za kwenda mlimani ni nyingi, na mimi nilijua kuzikwepa zile zinazofika kwake. Lakini taabu ya mtu wa namna ile ni kwamba anakuachia pua yake. Nikisimama kwenye taa za mjini, gari likipita linanuka, moyo unasema wenyewe: mkanda. Mafuta. Waya, mwambieni azime. Siku moja pale Kijenge niliona koti la kahawia mbele yangu, mwendo mrefu, nikaliendesha gari taratibu nyuma yake mpaka wenye haraka wakanipigia honi. Alipogeuka alikuwa mtu mwingine kabisa, kijana wa watu, akanitazama akidhani nimepotea njia. Nikamuuliza njia ya Njiro, mimi niliyezeekea mji ule.

Mabinti walisoma, wakaolewa. Neema alinizalia mjukuu, akaniachia alipopata kazi Mwanza. Nikauza pikapu, nikapata gari dogo na meza ya ndizi sokoni. Nikasikia kwamba bei ya kahawa imeanguka na huko juu watu wanang'oa mibuni. Ni habari hiyo iliyonitoa nyumbani, sijui kwa nini hiyo. Nilifikiri juu ya mibuni iliyolala chini na yeye ameshika panga, nikawasha gari.

Njia ilikuwa tope. Klachi ilianza kunuka kabla sijafika nusu ya njia. Nilisimama ikapoa, nikapanda tena, nikasimama tena. Nilimkuta mbele ya nyumba, anakata majani ya ng'ombe. Amekonda, nywele zote nyeupe. Alitua panga chini.

"Mama Neema."

"Fundi."

Alinikalisha barazani. Mibuni ilikuwa bado ipo nusu. Penye nusu nyingine palikuwa na maharage. Nikamuuliza watoto wako wapi. Wa mwisho alikuwa ameondoka kwenda kusomea ualimu, mmoja alikuwa amejenga hapo chini, mmoja alikuwa fundi magari Moshi. "Huyo ana haraka," akasema, "lakini atapona." Tulicheka, na tulipoacha kucheka tukawa hatuna pa kujificha.

"Kwa nini hukuniuliza?" nikasema.

"Kuuliza nini?"

"Uliniambia huwezi kunipandisha mlimani. Hukuniuliza kama mimi naweza kupanda."

Alitazama mikono yake. "Niliogopa ungekubali kwa huruma."

"Pengine ningekataa."

"Hilo nalo niliogopa."

Ng'ombe alikohoa bandani. Ukungu ulikuwa umeanza kuteremka kwenye migomba, na baridi ya huko ilianza kunipanda miguuni. Akasogeza kigoda chake, akakaa akinielekea.

"Basi nakuuliza sasa," akasema. "Unaweza?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo nikiwa na neno hilo. Lakini nikamwona mjukuu wangu anayelala kitandani kwangu, na jumuiya yangu ya kanisani, na meza yangu sokoni, na nyumba ya Kijenge ambayo kila ufa wake naujua; nikaona pia kwamba mwanamke ambaye angepanda mlima ule kwa furaha, akiwa na mabinti wawili na pikapu, nilishamwacha nyuma mahali fulani, na yeye ndiye aliyeulizwa.

"Hapana, Fundi," nikamwambia. "Sasa hapana."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole. "Ahsante kwa kupanda kuniambia," akasema. Na baadaye kidogo: "Ilinipasa kuuliza siku ile."

"Ndiyo."

Akaingia ndani akaleta ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, tukala kutoka sahani moja bila kusema mengi. Alikata mkungu, akaufunga nyuma ya gari kwa kamba ya mgomba. Tulipeana mikono. Mimi sikuachia upesi, wala yeye.

Nilishuka kwa gia ya kwanza. Kwenye kona ya chini nikazima injini, nikatoka nje, nikatazama juu. Alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha. Nikapunga mkono, akapunga. Hatukuonana tena baada ya hapo. Nilisimama hadi ukungu ulipofunika nyumba, na migomba, na yeye, hadi nilipokuwa na hakika kwamba hanioni. Ndipo nikaegemea mlango wa gari, nikalia kwa sauti.